Nimeombwa nifundishe Neno watoto wa Waroma huku Slovakia, naombeni ushauri kabla sijakubali

binti_wa_Njombe

Bwana Yesu asifiwe wapendwa, na wasio wa imani yangu nawasalimu kwa heshima zote, wakubwa shikamooni.

Niko Košice, mashariki mwa Slovakia, nilikuja kusoma na sasa nafanya kazi hapahapa. Nasali kanisa moja la kilokole la wenyeji. Nyumbani nilikuwa mwalimu wa sande skuli tangu niko sekondari, kwa hiyo nikiona watoto wamekaa chini wanasikiliza habari za Daudi na Goliathi mi roho yangu inatulia kabisa, ndo kipawa nilichopewa. Sasa kuna kikundi kanisani kinaenda kila Jumamosi kwenye makazi ya Waroma nje ya mji, wameniomba nijiunge, na mwezi wa saba wanataka nisimamie kambi ya watoto ya wiki nzima.

Nikisema Waroma simaanishi watu wa mji wa Roma kule Italia wala raia wa Romania, ni lile kabila ambalo mababu zao walitoka kaskazini mwa India miaka kama elfu moja iliyopita wakasambaa Ulaya nzima, leo wanakadiriwa milioni 10 hadi 12, na hapa Slovakia peke yake ni zaidi ya laki nne kwenye nchi ya watu milioni tano na kitu. Wengi wamechanganyika mijini na vijijini kama watu wengine ila wapo maelfu wanaoishi pembeni kabisa, na huko ndo nilikopelekwa kuangalia.

Jamani. Lami inaishia pale nyumba ya mwisho ya Mslovakia inapoishia, kuanzia hapo ni tope. Vibanda vya mbao na mabati, vingine vya matofali havijapigwa lipu, maji wanachota bomba moja watu wote, na hapo tuko ndani ya Umoja wa Ulaya. Watoto wengi mno, wachangamfu, wakanizunguka wakanishika mkono, mmoja akaweka mkono wake pembeni ya wangu akasema kitu kwa lugha yao wenzie wakacheka, nikaambiwa kasema mi ni mweusi kama wao. Nilifurahi kwa kweli.

Kinachonisumbua ni haya. Kiongozi wa kikundi aliniambia tukiwa garini kwamba wazazi pale "wameshaharibika", hakuna cha kufanya, tuwachukue watoto wakiwa wadogo ndo tumaini lilipo. Halafu hiyo kambi kuna timu inakuja toka nje kwa wiki moja na maboksi ya zawadi na pipi, na wanataka picha nyingi za watoto za kuwatumia wafadhili. Mi nimekulia kijijini, wageni walikuja na kamera na biskuti tukapangwa mstari, najua mtoto anajisikiaje akiambiwa acheke apigwe picha ndo apewe. Sitaki kuwa mtu wa upande ule mwingine wa kamera.

Lakini pia sitaki kuwaacha hao watoto kwa sababu ya mashaka yangu, maana naamini kabisa Yesu ni wao kama alivyo wangu. Nianzie wapi? Zawadi ni sawa au si sawa? Lugha je, maana Kislovakia changu ni cha kuombea maji. Aliyewahi kufanya kazi na watu hawa naomba anisaidie, nasoma kila jibu.

---

mchungaji_Miskolc

Dada amani iwe kwako. Mimi ni Mkenya, natumika Hungary upande wa kaskazini mashariki, si mbali sana na wewe, na huku Waroma ni wengi. Swali lako ni zuri na moyo wako uko mahali pake, wacha nikueleze kitu ambacho watu wengi wanaokuja kwa hii kazi hawaambiwi.

Hayo maneno ya kiongozi wako, kwamba wazazi wameisha tushike watoto, si mapya, yana zaidi ya miaka mia mbili hapohapo ulipo. Slovakia ya leo ilikuwa ndani ya ufalme wa Hungary chini ya malkia Maria Theresa, na miaka ya 1770 serikali yake iliamuru watoto wa Waroma wachukuliwe kwa wazazi wao wapelekwe kulelewa kwenye familia za wakulima wasio Waroma, wafundishwe dini na kazi, ili waache kuwa Waroma. Walikuwa wanafanya hivyo wakijiona wanaokoa roho. Na ukivuka kwenda Romania ya leo, kule Wallachia na Moldavia, Waroma walikuwa watumwa, utumwa kamili wa kununuliwa na kuuzwa, karibu miaka mia tano, wakaachiliwa 1855 na 1856, na wenye watumwa walikuwa mtawala, makabaila, na nyumba za watawa. Umesikia vizuri dada, monasteri. Mtu aliyevaa msalaba ndiye aliyekuwa bwana wao.

Sasa ongeza Vita vya Pili. Usiku wa tarehe 2 Agosti 1944 pale Auschwitz-Birkenau walimaliza kambi ya familia za Waroma, watu zaidi ya elfu nne wakapelekwa kwenye gesi usiku mmoja, wengi wao wazee, wamama na watoto. Jumla ya Waroma waliouawa na Manazi na washirika wao wanahistoria wanaikadiria kati ya laki mbili na laki tano. Na usifikiri ni mambo ya zamani tu, hapo Slovakia kuna akina mama wa Kiroma walifungwa kizazi hospitalini bila kuelewa walichosainishwa, Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ikaanza kuwapa haki 2011, na serikali ikaomba radhi rasmi mwaka 2021. Hao wamama wako hai, pengine mmoja ni nyanya wa huyo mtoto aliyeshika mkono wako.

Kwa hivyo mgeni akiingia mtaani akawaita watoto pembeni bila kuongea na mama yao, mama anawaza nini? Mimi nakuambia usimfundishe mtoto hata wimbo mmoja kabla hujaketi na mama yake na nyanya yake. Ingia nyumba kwa nyumba ukaribishwe, ukipewa kahawa kunywa, kunywa yote, kukataa kikombe cha Mroma ni kumwambia yeye ni mchafu na wamezoea kuambiwa hivyo kila siku kwa maneno na kwa vitendo. Ukae. Uulizwe unatoka wapi, mama yako yuko hai, una watoto wangapi, kwa nini huna. Hiyo ndiyo huduma yenyewe, si maandalizi ya huduma.

La pili, tafuta Waroma waliookoka. Wapo! Watu wanafikiri injili kwa Waroma ni kazi ya wazungu kumbe uamsho mkubwa uliowahi kutokea kati yao ulienda mbio kwa sababu wao wenyewe ndio walioubeba. Ufaransa miaka ya 1950 kulikuwa na mchungaji wa Kipentekoste kutoka Brittany, Clément Le Cossec, alianza kubatiza Waroma, na kitu alichofanya cha tofauti ni kwamba hakujifanya mchungaji wao wa milele, aliwafundisha wanaume na vijana wa Kiroma wawe wahubiri, wengi hata kusoma walikuwa hawajui wakajifunzia kwenye Biblia, wakaenda na karavani zao mpaka Uhispania na kwingineko. Leo Uhispania kanisa la Filadelfia linaongozwa na Waroma wenyewe na lina makanisa mamia. Mashariki mwa Slovakia pia kuna wachungaji na wazee wa kanisa Waroma. Muulize kiongozi wako swali moja tu, kwenye kikundi chenu cha Jumamosi Waroma ni wangapi na nani kati yao anaamua chochote. Kama jibu ni hakuna basi hapo ndipo pa kuanzia.

---

kijana_wa_Milano

Dada mi nakwambia ukweli kuwa makini na hao watu. Hapa Milano kwenye metro ukizubaa simu imeenda, na watoto ndo wanatumwa. Ukiwaonea huruma wanakumaliza. Bora uwaombee ukiwa mbali.

---

mwalimu_Ostrava

Kaka wa Milano, kwa heshima, mi na wewe tukiingia duka lolote huku Ulaya mlinzi anatufuata nyuma mpaka tunalipa, na tunajua kwa nini anatufuata, ni kwa sababu kuna mtu aliwahi kuona mweusi mmoja akiiba na akaamua wote tuko hivyo. Sisi ndo watu wa mwisho tunaotakiwa kusema "hao watu". Waroma milioni kumi na zaidi, walimu wamo, mafundi ujenzi, wanamuziki, manesi, wabunge, wewe umekutana na watoto watatu wa metro. Naomba tusirudie hilo hapa maana huyu dada ameuliza kitu cha maana.

Dada wa Njombe, mi ni Mtanzania, nafanya kazi ya msaidizi wa mwalimu hapa Ostrava, Jamhuri ya Czech, watoto wangu wengi darasani ni Waroma. Nitaongea upande mmoja tu, shule, kwa sababu naona watu wa dini wanaupita bila kuuangalia.

Huu mji wangu una kesi maarufu. Watoto 18 wa Kiroma na wazazi wao walipeleka malalamiko mpaka Mahakama ya Ulaya kwa sababu walikuwa wanawekwa shule maalum za watoto wenye ulemavu mdogo wa akili wakati hawana ulemavu wowote, ila tu walishindwa mtihani wa kupimwa, na mtihani ulikuwa kwa lugha na kwa mambo ambayo mtoto wa nyumba ile hajawahi kuyaona. Hukumu ikatoka Novemba 2007, serikali ikashindwa. Unafikiri mambo yaliisha? Hapo kwako Slovakia Kamisheni ya Ulaya ilianza kuifuatilia serikali mwaka 2015 kwa jambo hilohilo na 2023 ikaamua kuipeleka mahakamani. Na utafiti mkubwa wa Umoja wa Ulaya wa mwaka 2021 ulikuta zaidi kidogo ya nusu ya watoto wa Kiroma kwenye nchi walizopima wanasoma shule ambazo wanafunzi wote au walio wengi ni Waroma, na Waroma 80 kati ya 100 wako kwenye hatari ya umaskini.

Hebu waza mtoto wa miaka sita, nyumbani anaongea Kiroma, ana maneno, ana hadithi, anaimba, anahesabu hela ya bibi yake dukani bila kukosea, anaingia shule siku ya kwanza anaongeleshwa Kislovakia anakaa kimya, mwalimu anaandika ana akili nzito. Miaka kumi baadaye ana cheti ambacho hakimpeleki popote. Halafu Jumamosi anakuja mtu anamwambia Mungu anakupenda. Ni kweli anampenda, mi mwenyewe ni Mlutheri naamini hivyo, ila huyo mtoto wiki nzima ameambiwa na watu wazima wenye mamlaka kwamba yeye ni mjinga, kwa hiyo hilo neno la Jumamosi inabidi liwe na mikono na miguu.

Ushauri wangu: somo lako la Biblia liwe pia somo la kusoma. Chukua kisa kifupi, mfano Zakayo juu ya mti au yule mvulana mwenye mikate mitano, kiandike kwa Kislovakia chepesi sana kwa herufi kubwa, mtafute dada au kaka wa Kiroma akisimulie kwanza kwa Kiroma ili wakielewe na wakifurahie, ndo mje mkisome pamoja kwa Kislovakia mstari kwa mstari. Mtoto akitoka hapo anajua kisa na anajua maneno kumi mapya ambayo Jumatatu yatamsaidia. Na Kislovakia chako kibovu kisikutie aibu hata kidogo, wakiona mtu mzima naye anahangaika na lugha ya shule wanachangamka, wao wanakufundisha wewe, na mtoto ambaye kila mahali anafundishwa tu akipata nafasi ya kumfundisha mtu anakuwa mtoto mwingine kabisa, nimeliona mara nyingi. Anza na salamu yao, Lačho ďives, na ukipewa kitu sema Paľikerav, yaani asante. Utaona nyuso.

---

mpwani_Hamburg

Asalaam aleikum wote. Mimi Mwislamu, nimepita nimeona mjadala nikaona niseme machache bila ugomvi.

Hapa Hamburg nina majirani Waroma kutoka Macedonia Kaskazini na Bulgaria, na wengi wao ni Waislamu. Kule Skopje kuna manispaa nzima inaitwa Šuto Orizari, wakazi wengi ni Waroma, lugha yao inatumika rasmi, meya ni Mroma, na misikiti ipo. Mtaa wa Stolipinovo kule Plovdiv, Bulgaria, nao ni wa Waroma, wengi wanaongea Kituruki. Slovakia najua ni tofauti, wengi wamebatizwa Wakatoliki tangu wachanga, sasa swali langu kwa dada ni hili: hao watoto unaokwenda kuwapelekea injili, si tayari wana dini ya nyumbani kwao? Picha ya Bikira Maria ukutani umeiona au hujaiona? Maana kuna namna ya kwenda kwa masikini kama vile Mungu hajawahi kufika kwake mpaka wewe ulipokuja.

Na Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa ibara ya 14 inasema mtoto ana uhuru wa dhamiri na dini, na wazazi wana haki na wajibu wa kumwongoza. Masikini naye ni mzazi. Mtu akimwita mwanangu akampa pipi akamfundisha dini nyingine bila kuniuliza mimi ningeenda kugonga mlango wake saa hiyohiyo, na wewe dada ungekuja pia kama angekuwa mwanao. Basi iwe hivyohivyo kwa Mroma. Ukiwauliza wakikubali, kwa nini isiwe, Mungu akubariki.

---

binti_wa_Njombe

Asanteni sana, nimesoma mara mbili mbili. Kaka wa Hamburg, picha ya Bikira Maria nimeiona, kwenye kila nyumba niliyoingia ipo, kubwa, imewekewa maua ya plastiki, na kikundi chetu wao wanaichukulia kama tatizo la kutatuliwa. Mi ni mlokole, sina picha nyumbani, lakini bibi mmoja alinionesha yake akaibusu na macho yake yalikuwa ya mtu anayeomba kweli, nikashindwa kuona tatizo.

Mchungaji, nimeuliza. Waroma kwenye kikundi ni sifuri. Kuna mama mmoja tu anapika chai.

---

sista_Immaculata_wa_mbali

Tumsifu Yesu Kristo. Mwanangu binti wa Njombe, mimi ni mtawa kutoka Songea, nimekaa Italia na pia nimepita kwenye jumuiya zetu huko Slovakia. Nimefurahi kuona umeona sala ndani ya macho ya yule bibi. Shika hapohapo.

Hapo Košice kwenyewe una mahali pa kujifunza. Nenda Luník IX, lile eneo la maghorofa, watu zaidi ya elfu nne, wengi kwenye fleti zisizo na gesi wala maji ya uhakika. Wasalesiani wa Don Bosco, watawa wa Kikatoliki, wanaishi palepale, hawaji Jumamosi na kuondoka, wanaishi, na hiyo ndiyo tofauti yote. Watoto wanakuja kwao kila siku kucheza mpira, kufanya kazi za shule, kuimba, kujiandaa kwa komunyo ya kwanza. Papa Fransisko alipokwenda Slovakia alifika hapo Luník IX tarehe 14 Septemba 2021, na miaka miwili kabla yake, Juni 2019, akiwa Blaj nchini Romania aliwaomba Waroma msamaha kwa jina la Kanisa kwa yale waliyotendewa. Haya ambayo mchungaji ameeleza kuhusu monasteri si siri kwetu, ni jeraha letu na lazima tuliseme tukiwa tumesimama mbele yao. Papa Paulo VI naye aliwatembelea mahujaji wao Pomezia, karibu na Roma, mwaka 1965, mvua ikinyesha, akawaambia kwamba wao wako ndani ya moyo wa Kanisa. Imechukua muda mrefu sana maneno hayo kufika parokiani, na parokia nyingine hayajafika mpaka leo, Mroma akikaa benchi la mbele watu wanahama.

Nataka nikupe rafiki mmoja. Anaitwa Mwenyeheri Zeferino Giménez Malla, watu walimwita El Pelé, Mroma wa Uhispania aliyekuwa mfanyabiashara wa nyumbu na farasi pale Barbastro. Hakujua kusoma wala kuandika. Na alikuwa katekista wa watoto! Aliwakusanya watoto, Waroma na wasio Waroma pamoja, akawasimulia habari za Biblia, akawafundisha sala na kuheshimu ndege na wanyama. Mwaka 1936 wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe alimtetea padri aliyekuwa anakamatwa, naye akakamatwa, wakamwambia atupe rozari yake aachiliwe, akakataa, wakampiga risasi. Papa Yohane Paulo II alimtangaza Mwenyeheri, ile hatua ya kabla ya kutangazwa mtakatifu, tarehe 4 Mei 1997, Mroma wa kwanza kabisa. Hata kama kwenye kanisa lenu hamna watakatifu, wasimulie watoto habari zake. Wamekua wakisikia kuhusu mashujaa wa imani ambao hakuna hata mmoja anayefanana na babu yao. Siku mtoto wa Kiroma anasikia kwamba mtu wa damu yake, asiyejua kusoma, alikuwa mwalimu wa imani na alikufa kwa ajili yake, hapo huhitaji kumhubiria tena kwamba Mungu anamjua.

Kuhusu zawadi nitatofautiana kidogo na wanaosema zisiwepo. Wakati wa baridi kule ni nyuzi kumi na zaidi chini ya sifuri, mtoto hana viatu vya kumpeleka shule, kuni zimeisha. Viatu si rushwa, mwanangu, viatu ni viatu. Kibaya ni kuvifunga na mafundisho, aliyekuja darasani apate na ambaye hakuja akose, hapo ndipo unaanza kununua watoto. Kwetu tulitenganisha kabisa, msaada unatolewa siku nyingine, anapewa mama mkononi, ndani ya nyumba yake, bila mtu kuona, na anapewa hata kama watoto wake hawajawahi kukanyaga kwetu. Pipi za kurushwa toka garini hapana, zinaleta vita, mkubwa anamnyang'anya mdogo na mnawaondokea wakiwa wanalia.

Picha hapana. Hilo sina maelezo marefu.

---

binti_wa_Njombe

Sista shikamoo, na asante, habari za El Pelé nilikuwa sijawahi kusikia maishani mwangu na nimeziandika kwenye daftari langu la masomo.

Sasa niwaambie nilipofikia. Nimeongea na kiongozi, nimemwambia kambi sitasimamia kwa mpango ule, ila Jumamosi nitakwenda, na nimeomba wiki hizi za mwanzo nisifundishe kitu, nitembelee nyumba tu pamoja na yule mama wa chai. Kumbe huyo mama ameokoka muda mrefu, anasoma vizuri, Kiroma na Kislovakia vyote viko kichwani, na alishawahi kufundisha watoto nyumbani kwake kabla kikundi hakijaja. Hakuna aliyemuuliza! Nimemwomba yeye ndo awe mwalimu na mi niwe msaidizi wake, amenyamaza kidogo kisha akauliza kama nina uhakika wenzangu watakubali. Kiongozi hajafurahi lakini hajakataa.

Mchungaji, swali moja limebaki. Hiyo timu ya nje tiketi wameshakata, wanakuja tu mwezi wa saba. Nifanyeje nao, maana ni watu wazuri, wamechangisha hela zao kwa upendo.

---

mchungaji_Miskolc

Wapokee vizuri dada, usiwapige vita, wengi wao hawajawahi kuambiwa tu. Andika barua mapema, wewe na huyo mama msaini wote wawili. Waambie kazi ya wiki hiyo itapangwa na wenyeji wa pale. Kama kuna nyumba ina paa linalovuja au daraja la mbao limeoza basi waje na nguo za kazi, wafanye na wanaume wa mtaa bega kwa bega, na jioni wawe wageni, wale chakula walichopikiwa, wasikilize muziki, waombewe. Hilo la kuombewa usilisahau, wazee wa Kiroma waliookoka wawawekee wao mikono. Watoto wawe na mwalimu wao waliyemzoea, wageni wakae nyuma waimbe kiitikio. Simu zibaki kwenye mabegi. Na ile hela ya maboksi waulizwe kwa upole kama inaweza kulipa mtu wa kusaidia kazi za shule mwaka mzima, Septemba mpaka Juni. Wakikubali hata nusu yake umepiga hatua.

Na huyo mama alipwe nauli na muda wake kama mnavyowalipa wengine. Usikubali awe wa kujitolea peke yake wakati kiongozi ana posho.

---

mwalimu_Ostrava

Hapo kwenye posho mchungaji nakuunga mkono kabisa, simamieni hilo tangu sasa kabla kazi haijaanza maana baadaye inakuwa ngumu kusema.

Dada nikuongezee la vifaa tu. Kalamu za rangi, karatasi nyingi, mkeka au turubai la kukalia maana chini ni tope, na vitabu vichache vya picha vya Kislovakia, maktaba za mji wanagawa vya zamani bure ukiwaomba. Vya Kiingereza usibebe, wageni watavileta vingi na havitawasaidia shuleni. Majina ya watoto muulize mama awaandikie yeye, na uyaandike hivyohivyo na alama zake zote za juu. Kislovakia bila hizo alama jina linakuwa la mtu mwingine, na shuleni huwa wanaandikiwa ovyo.

---

binti_wa_Njombe

Nimeelewa walimu wangu. Turubai ninalo, maktaba naenda kesho nikitoka kazini. Nitaleta mrejesho baada ya mwezi wa saba.